Mstari wa Kwanza wa Ombi

Huwa naanza na kichwa cha barua: kwa Mheshimiwa fulani,
wa tribinali fulani, hapa Bukavu.
Mwili wa ombi haunipi shida. Watu huja na mwili tayari.
Mama Nankafu alikuja nao Jumatatu, mvua ikipiga Nyawera
hata maji yakapita chini ya meza yangu na maganda ya miwa.
Akaketi. Akafungua mfuko wa plastiki uliokuwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Andika, akasema. Deni silikani.
Andika kwamba duka la mabati la Kadutu lilikuwa la Zihalirwa,
funguo zake, daftari lake, wateja wake wa usiku.
Andika kwamba karatasi ya kodi aliniletea jikoni
tarakimu amezifunika kwa kiganja,
"weka sahihi hapa, mama, ni desturi tu ya ofisi,"
nami nilikuwa naosha sambaza.

Akanionyesha nakala. Kando ya jina lake
pana doa dogo la mviringo, mahali gamba liliponata.
Ofisi ya kodi ilipotoa nakala, gamba nalo likanakiliwa.

Zihalirwa alivuka Ruzizi na begi moja.
Deni halikuwa na pasi ya kusafiria; lilibaki,
likalala upande wake wa kitanda.

Basi mstari wa kwanza nimwandikie nani?
Hapo ndipo alipotoa mfuko wa tatu.

Tribinali ya amani: ndoa tunaijua, kodi hatuijui.
Tribinali ya biashara: wewe si mfanyabiashara, umesema mwenyewe,
ndiyo hoja yako; ukituaminisha, tunakufukuza.
Ofisi ya kodi: sisi tunadai, hatusamehe.
Korti ya rufaa ilimsikiliza miezi saba
ikaandika kurasa kumi na moja
kusema haina mdomo.

Kila "si hapa" ina stempu yake, na stempu ina bei.

Mashine yangu, herufi m imelegea, lazima niigonge mara mbili.
Neno mamlaka linanichosha vidole.
Siku ile nililipiga mara tisa,
na mara zote tisa lilitanguliwa na "hatuna".

Karani mmoja, kijana wa viatu safi
(safi, kwenye matope haya, sijui hupita wapi),
alimwambia dirishani: mama, dawa ya deni kulipa.
Akamjibu: dawa naijua, mwanangu.
Nauliza mganga anakaa mlango gani.

Wala haombi huruma, hilo nataka lieleweke.
Anataka mtu mmoja mwenye kiti na muhuri
amtazame usoni, aseme ulijua, au hukujua.
Hata "ulijua" angelibeba, akapanda nalo mlima hadi nyumbani.
Ni huku kutoulizwa kunakomla.

Nikamwambia ukweli wa kazi yangu:
barua isiyo na kichwa haipokelewi.
Akanyamaza. Mvua ilikuwa imepungua,
wauza makaa wakirudisha magunia yao barabarani.
Kisha akasema, basi andika hivi:
Kwa yeyote atakayekubali kwamba swali hili ni lake.

Nikaandika. Ile "kwamba" peke yake ilinila m mbili.
Mstari ule sikumtoza. Mingine aliilipa
kwa noti zilizokunjwa mara nne.

Alhamisi nilikuwa napita na chai yangu.
Kijana wa viatu safi alikuwa ameishika, anaigeuza,
mbele, nyuma, mbele, kidole kikakwama penye doa.
"Hii ni ya nani?" akawauliza wenzake ndani.
Mama Nankafu, viwiko juu ya ubao wa dirisha:
"Hilo hilo ndilo ninalouliza."

Hakuigonga muhuri.
Ila hakumrudishia.